Kaka Alipokea Tuzo ya Filamu Yangu, Nikataka Mbinga Nzima Ijue

"Dada wa kamera, hebu shuka... huyu si kaka yako huyu?"

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha plastiki, kwenye ukumbi mmoja hapa Mbinga mjini, napiga video ya kicheni pati. Bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, akina mama vigelegele juu, jicho langu lipo kwenye kamera.

"Mama, subiri kidogo, nipo kazini."

"Shuka uone, mwanangu. Kaka yako yupo Ulaya!"

Ulaya?!

Cleopa si ameniaga juzi anakwenda Dodoma kwenye semina ya walimu?

Nikashuka. Yule mama akanipa simu yake.

Jamani! Nikaisogeza karibu na uso.

Ni Cleopa kweli! Kaka yangu wa damu, tumenyonya titi moja. Kavaa suti nyeusi, yupo jukwaani mbele ya Wazungu, mkononi kashika tuzo inang'aa. Nyuma yake kuna kitambaa kikubwa cheupe, na kwenye kile kitambaa anapita bibi kizee na ndoo ya dagaa kichwani, anapanda mlima.

Bibi!

Bibi Recho, bibi yetu wa Mbaha!

Ile picha niliipiga mimi! Kwa mikono yangu hii ninayoandikia!

Chini ya video wameandika: Mtanzania ashinda tuzo ya kwanza katika shindano la kimataifa la filamu za urefu wa kati. Mpiga picha na mwongozaji, Cleopa.

Nikasoma tena.

Cleopa.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa Peru, wa tatu vijana wawili wa Ufilipino. Hao wote majina yao yalikuwa yao. La kwanza peke yake ndilo lilikuwa la wizi.

"Hongera dada, mmetutoa kimasomaso!" yule mama ananiambia, ananikumbatia kabisa.

Nikasema asante. Ningesema nini?

Nikapanda tena kwenye kiti changu nikaendelea kupiga kicheni pati ya watu huku machozi yananiingia mdomoni.

Ngoja niwaeleze, maana bila hivyo hamtajua kwa nini niliumia kiasi kile.

Mimi naitwa Edina. Elimu yangu kidato cha nne, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Ila kamera naijua. Harusi, komunyo, kipaimara, misiba, niite popote kuanzia Mbinga hadi kule chini ziwani.

Mwaka jana mwezi wa saba nilifanya kitu cha kwangu. Siyo harusi ya mtu.

Bibi yetu kila mwaka maharage yakishavunwa huku milimani, anabeba ndoo ya dagaa kutoka Mbaha, ziwani, anapanda nayo kwa miguu siku mbili mpaka Mapera, kwa rafiki yake anayeitwa Bibi Walburga. Anamwachia dagaa, anashuka na maharage. Hakuna mizani, hakuna kuhesabu. Magari yapo, bodaboda zipo, hataki!

"Nikipanda gari nitakuwa nimekwenda dukani," anasema.

Nikamfuata na kamera siku zote mbili. Nikaja kukata na kuunganisha miezi mitano, usiku na mchana kazi za watu zikiniruhusu. Ikatoka filamu ya dakika arobaini na saba. Sauti yangu niliitoa yote. Nilitaka asikike Bibi peke yake.

Cleopa ndiye msomi wa nyumba yetu. Anafundisha Kiingereza Songea. Yeye ndiye aliyeliona tangazo la lile shindano.

"Edina, wanataka filamu ya kati ya dakika thelathini na sitini. Yako inafaa kabisa! Lete flashi, nijaze fomu."

"Jina utaandika langu, eh?"

"Sasa niandike la nani?" Akacheka.

Mwezi wa nne akaja kwangu na soda mbili. Akakaa.

"Mdogo wangu... wamekataa."

"Wamekataa?"

"Wanasema picha zinatikisika sana."

Niliumia. Nililia mbele yake, na yeye akanibembeleza, ananipigapiga mgongoni, "utafanya nyingine, usikate tamaa". Wiki nzima sikushika kamera. Nilikuwa naitazama mikono yangu naiona mibovu. Kadi za picha zote za safari ya Bibi nikazifuta nipate nafasi ya kupigia harusi za watu.

Kumbe siku ile ananibembeleza, barua ya kukubaliwa ameshaipata!

Basi. Cleopa alirudi kutoka "Dodoma" na mji mzima ukiwa umeshajua. Kikundi kimoja cha wasanii wa hapa Mbinga kikaandaa sherehe ya kumpongeza, Jumapili mchana. Mabango na fulana, vyote vina sura yake.

Ijumaa asubuhi akaja kwangu. Hakugonga, alisimama tu mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Edina, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

"Nilikosea."

"Ulikosea au uliiba?"

Akawa anachezea komeo la mlango.

"Cleopa, ulikosea au uliiba?!"

"Walitaka mtu wa kwenda kujieleza. Kwa Kiingereza. Wewe ungesimama pale ukasema nini?"

"Ningesema Kiswahili! Wangetafuta mkalimani! Kwani yule mama wa Peru anajua Kiingereza?"

Akainamisha kichwa.

"Uliniambia wamesema picha zinatikisika."

"Edina..."

"Walisema hivyo?"

"Hapana."

"Walisema nini?"

Akasema taratibu, "Walisema hawajaona mkono uliotulia hivi."

Mungu wangu! Nilikaa chini kwenye sakafu. Yaani lile neno lilikuwa langu. Mtu kalipokea kwa niaba yangu, kaliweka mfukoni, akaniletea mimi soda!

"Jumapili nitasimama," akasema. "Nitasema mbele ya watu wote kwamba ni yako. Naapa. Ila nina ombi moja."

"Una ombi? Wewe?!"

"Filamu yenyewe tusiioneshe. Tuoneshe dakika kumi za mwanzo tu, pale ziwani."

Nikacheka kwa hasira.

"Edina, hujui Bibi anaongea nini pale kwenye jiwe?"

"Najua sana! Ndiyo maana hutaki ioneshwe!"

"Siyo hivyo unavyofikiri..."

"Toka nje."

"Mdogo wangu..."

"TOKA!"

Hapa nisimame niwaelekeze. Kwetu, na nadhani hata kwenu, bibi ana utani na wajukuu. Mjukuu wa kiume anamwita mume wangu, wa kike anamwita mke mwenzangu. Cleopa tangu azaliwe ni mume wa Bibi. Mimi ni mke mwenza, tunagombania mume, tunatupiana maneno, basi ni raha tupu.

Sasa kwenye ile filamu, dakika ya thelathini na moja, Bibi anakaa juu ya jiwe kupumzika, anamtazama aliyeshika kamera, anamwita "mke mwenzangu".

Wazungu wataliona tu neno limepita. Lakini Mbinga? Mtu yeyote wa hapa akilisikia, atajua papo hapo kwamba nyuma ya kamera alikuwa mjukuu wa kike.

Cleopa alisahau kulikata! Masikio yake yamelizoea tangu utotoni, hakulisikia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mimi.

Mtaniuliza, si alishasema atakiri? Kwa nini usimwachie akiri?

Nitawaambia ukweli. Sikutaka akiri. Akikiri mwenyewe, watu watasema tazameni kaka muungwana, kamtunuku mdogo wake. Watampigia makofi mara ya pili! Mimi nilitaka akamatwe. Nilitaka ukumbi mzima umcheke na fulana zake.

Mchana ule ule nikaenda kwa MC wa sherehe, anaitwa Placidi, nafahamiana naye kwenye harusi. Nikampa flashi.

"Kaka kasema ioneshwe yote, mwanzo mwisho."

"Yote? Mbona aliniambia dakika kumi?"

"Kabadili. Anataka kuwafanyia watu sapraizi, usimuulize tena."

"Hakuna shida, dada'ngu."

Halafu nikapiga simu Mapera, nikaomba Bibi Walburga aletwe, akae mbele. Jumamosi nikashuka Mbaha mwenyewe kumchukua Bibi. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye kichanja.

"Shikamoo Bibi."

"Sikuitikii! Mwanamke gani anakuja kwa mke mwenzake mikono mitupu?"

"Kesho twende Mbinga, Bibi. Kuna sherehe ya Cleopa. Wataonesha zile picha za safari."

"Picha zipi?"

"Zile nilizokupiga tukienda Mapera."

"Ahaa, zile za kuweka nyumbani?"

Nikainama kugeuza dagaa.

"Ndiyo, Bibi. Hizo hizo."

Jumapili. Watu wametoka kanisani, Waanglikana na Wakatoliki, wamejaa mpaka madirishani. Bibi kavaa kitenge kipya, kakaa mstari wa mbele. Pembeni yake Bibi Walburga, rozari shingoni, kaletwa kutoka Mapera na gari la watu. Wale wazee walivyoonana walishikana mikono na hawakuachiana.

"Recho, wametuita tucheze dansi?"

"Cheza wewe, mimi goti."

Wanacheka wenyewe.

Cleopa alikuwa meza kuu, tuzo mbele yake juu ya kitambaa, anasubiri zamu yake ya kusema. Alipoona ndoo ya dagaa imeingia kwenye kitambaa cha projekta, akatulia. Dakika ya kumi ikapita. Ya kumi na moja. Nikamwona anainuka, anamfuata Placidi, anamnong'oneza. Placidi ananionesha mimi kwa kidole.

Cleopa akaja mbio mpaka nilipokaa.

"Edina, izime."

"Kaa chini uangalie filamu yako."

"Edina nakuomba, nitapiga magoti hapa hapa, izime!"

"Unaogopa nini, mwongozaji?"

"Bibi yupo. Na yule mama yupo. Umewaleta wote wawili?!"

Sikumsikiliza. Ndugu zangu, masikio yangu siku ile yalikuwa yanasubiri neno moja tu.

Na likaja.

Kwenye kitambaa, Bibi anatua ndoo. Anakaa juu ya jiwe. Anasugua mguu. Anainua uso, anamtazama aliyeshika kamera, anasema:

"We mke mwenzangu, zima hicho kidude uje ukae."

Ukumbi ukaangua kicheko!

Halafu jamaa mmoja nyuma akapaza sauti, "Mke mwenza? Cleopa ni mke mwenza wa bibi yake?"

Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana.

"Si anaongea na mtu wa kamera?"

"Basi mtu wa kamera ni mwanamke!"

"Ni yule dada yake! Edina wa harusi!"

Nikasimama.

Nilisimama kabisa, kidevu juu! Watu wakageuka, wakaanza kupiga makofi, wengine wanamzomea Cleopa. Nilikuwa nimeusubiri huo mzomeo siku zote hizo. Nikamtazama kaka yangu nione uso wake unavyoporomoka.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Bibi.

Na filamu ilikuwa bado inaendelea.

"Hiki nakwambia wewe tu," Bibi anasema pale kwenye kitambaa, mkubwa kuliko nyumba. "Kiishie kwenye jiwe hili. Maharage hata Mbaha tunalima, mke mwenzangu. Mimi nilikuwa napanda kumwona Tarsisi."

Makofi yakafa.

Tarsisi ni marehemu mume wa Bibi Walburga.

"Kabla hajawa wa Walburga alikuwa wangu. Baba akakataa, akasema hatoi binti yake kwa Mroma. Basi akaoa huko kwao, nami nikaolewa ziwani. Nikatafuta njia ya kumwona mara moja kwa mwaka. Kumwona tu, hakuna baya tulilofanya. Walburga ananipikia, mimi nakula ugali wake huku namtazama mumewe. Sasa mwaka wa tisa amekufa, na miguu bado inapanda. Walburga akijua atakufa kwa uchungu. Umezima hicho kidude?"

Hapo kwenye filamu kuna ukimya. Ni pale nilipokata sauti yangu.

Nataka mjue nilijibu nini siku ile.

Nilijibu, "Nimezima, Bibi."

Nilikuwa nimeiweka kamera juu ya stendi, taa yake nyekundu nimeiziba kwa kidole. Nilijua ni siri. Nikajiambia, nani wa Mapera atakwenda kuangalia filamu Ulaya? Na ilikuwa tamu mno, jamani, filamu nzima ilikuwa inaishi pale. Nikaiacha. Wakati wa kuhariri niliirudia mara mia, mpaka yale maneno hayakuwa na maana tena, yakawa sauti tu ya kupanga juu ya picha. Ndiyo maana nilimleta Bibi Walburga kwa simu yangu mwenyewe, nikamkalisha mstari wa mbele!

Pale mbele, mkono wa Bibi Walburga ulikuwa bado kwenye mkono wa Bibi. Akautoa.

"Recho. Ni kweli?"

Bibi alikuwa anatazama mapaja yake.

"Miaka arobaini nakupikia, Recho?"

Bibi akavuta kitenge magotini.

"Na mazishini kwake... ulilia kuliko mimi. Nikawaambia watu, tazameni huyu ndiye rafiki!"

Akasimama. Watu wakampisha njia. Alitoka nje polepole, na rozari yake mkononi, hakuna aliyethubutu kumshika.

Hakuna aliyezima projekta. Placidi alikuwa kapigwa na butwaa. Kwa hiyo filamu ikaenda mpaka mwisho, mpaka pale Mapera, Bibi Walburga anatoka mlangoni kwake anakimbia kwa furaha, anampokea Bibi ndoo, anamkumbatia, anacheka na mapengo yake yote. Mkubwa kwenye kitambaa. Na kiti chake pale mbele ni kitupu.

Nilimkuta Bibi nje, upande wa jua, kashikilia ukuta.

"Bibi..."

"Edina."

Tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Nilikwambia uzime."

"Bibi, nisamehe, mimi nilitaka tu watu wajue kwamba Cleopa ameniibia..."

"Cleopa amekuibia wewe." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mimi aliyeniibia ni nani?"



Cleopa akatokea nyuma yangu. Nikamgeukia yeye, maana ilikuwa rahisi kumgeukia yeye.

"Na wewe uliisikia! Uliisikia ukaipeleka hivyo hivyo, ukapokea na tuzo!"

"Niliipeleka kwa Wazungu, Edina. Sikuipeleka kwa Walburga."

Kisingizio changu kile kile. Tulitazamana, mwizi na mwizi, na bibi yetu katikati.

Siku zilizofuata sikutoka ndani.

Sasa ninyi mlishaanza kuniona mkosaji, na ni kweli, lakini sikilizeni hili. Cleopa aliwaandikia wale watu wa shindano, akakiri kila kitu. Mwanaume alikiri! Wiki ikaisha, ikaingia barua pepe kwangu. Nikaisoma kwa kutafsiriwa na simu.

Waliniomba radhi. Wamebadilisha jina. Mshindi wa tuzo ya kwanza ni Edina. Tuzo nyingine itachongwa jina langu. Na mwezi ujao filamu zote tatu zilizoshinda zitawekwa kwenye ukurasa wao, bure, dunia nzima izione.

Nilifungua ukurasa wao. Lilikuwepo! Juu kabisa, juu ya mama wa Peru, juu ya wale vijana. Edina, Mbinga, Tanzania.

Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nitawadanganya ya nini? Nilifurahi. Nililigusa lile jina kwa kidole.

Halafu nikakumbuka dunia nzima ni pamoja na Mapera. Kule kila kijana ana simu.

Nikawaandikia, Kiingereza changu hicho hicho cha kuombea maji: naombeni nikate dakika tano tu, pale kwenye jiwe.

Wakajibu kwa upole. Iliyoshinda ni ile majaji waliyoiona. Haiwezi kukatwa. Inawekwa yote, au mwenye filamu anaiondoa mashindanoni na tuzo inakwenda kwa anayefuata.

Nikashuka Mbaha. Nilimkuta Bibi mlangoni anachambua dagaa. Nikampigia magoti, nikamweleza yote, jina, tuzo, ukurasa.

"Nifanye nini, Bibi?"

Aliendelea kuchambua, jicho kwenye ungo.

"Leo ndiyo unaniuliza," akasema.

Basi.

Nikaandika barua pale pale, kwenye simu, nimekaa kwenye mchanga wa ziwa. Mimi Edina, niliyeipiga na kuiongoza filamu hii, naiondoa.

Nimekaa mshindi wa kwanza wa dunia kwa siku nne. Siku ya tano mama wa Peru akapanda juu, na haki yake, filamu yake nimeitafuta nikaiona, ni nzuri.

Mwezi wa saba ulipofika, maharage yakavunwa, Bibi hakwenda. Mara ya kwanza katika miaka arobaini. Nikaichukua ndoo ya dagaa mimi, nikaibeba kichwani, bila kamera, siku mbili, shingo imekufa ganzi. Nikafika Mapera kwa Bibi Walburga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Nimeleta dagaa. Kutoka kwa Bibi Recho."

Aliitazama ile ndoo muda mrefu. Uani kwake maharage yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai, kuanzia jikoni mpaka kwenye mibuni. Hapakuwa hata na pa kukanyaga.

"Mwambie mwaka huu sina maharage," akasema.

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilishuka na ile ndoo vile vile, imejaa.

Ndugu zangu mnaosoma, najua mlikuja hapa kumtukana Cleopa. Mimi nimeshamsamehe. Alichoniibia ni jina, nami jina nilirudishiwa. Cha Bibi hakuna ofisi inayoweza kumrudishia, wala barua pepe. Kama nawe una jambo umedhulumiwa na moto unakuunguza, kabla hujakusanya watu waje kushuhudia, hebu tazama kwanza mkononi kwako umeshika cha nani. Mimi sikutazama.

Najua kuna watakaoniuliza, sasa mbona umeyaandika tena hapa, si unamwanika bibi wa watu mara ya pili?

Swali zuri.

Juzi nilikwenda Mbaha, nikamsomea Bibi simulizi hii yote kabla ya kuiweka. Nilisoma taratibu, yeye kakaa kwenye mkeka kanyoosha miguu. Nilipofika pale kwa Tarsisi akaniambia, "Soma tena hapo kwamba hakuna baya tulilofanya." Nikasoma tena. Akasema, "Hiyo iache. Waliondoka ukumbini na nusu tu, wasikie na hiyo."

Halafu kuna sehemu nyingine, ndefu kidogo, akaniambia niitoe.

Nimeitoa.